Duara la Nyamaziba: Tunamuaga Mama Mwanasiti Hamissi

Baada ya miaka kumi na tisa kwenye kampuni yetu ya kuongoza wageni kwa baiskeli, Mama Mwanasiti Hamissi anastaafu rasmi leo, Jumamosi tarehe 27 Juni 2026. Nasema "rasmi" kwa sababu makaratasi yake yalikuwa tayari tangu Machi, na ni yeye aliyekataa kuondoka. Kukataa huko ndiko kulikotuleta sote hapa kisiwani badala ya kwenye ukumbi wa hoteli mjini, na ndiko kulikofanya mwaliko wako ukutake uje na jembe.

Kwa wasiomfahamu, Mwanasiti ni mtoto wa mtaa wa Bwiza mjini Bujumbura, binti wa marehemu Mzee Hamissi aliyekuwa fundi wa baiskeli. Alijua kuziba pancha kabla ya kujua kusuka nywele, na dada yake Khadidja anasema hadi leo pancha ndiyo anayoiweza zaidi. Kampuni yetu ya Pedali za Imbo ilimwajiri mwaka 2007 kama fundi wa karakana. Siku moja kiongozi wa msafara akaugua, wageni wameshafika mtoni wanasubiri mtumbwi. Mwanasiti akafuta grisi mikononi, akafunga mtandio wake, akawapeleka mwenyewe. Hakurudi tena kufanya kazi karakanani. Mimi Massoudi ndiye niliyerithi kiti chake na spana zake, na kila Jumatatu anapita kuzikagua kana kwamba nimeziazima.

Kisiwa cha Nyamaziba mnakiona wenyewe. Mto umekizunguka upande mmoja, ziwa upande mwingine, na katikati ni tambarare ya mihogo, mpunga na michikichi. Hakuna gari wala pikipiki. Mgeni aliyetoka katikati ya honi za Bujumbura anapiga pedali dakika chache tu, anaanza kusikia cheni yake mwenyewe. Foleni pekee tuliyowahi kuipata huku ilisababishwa na kiboko aliyelala njiani. Mwanasiti aliwapanga wageni mbali naye, akawagawia ndizi, wakasubiri mpaka bwana mkubwa alipoamua kuondoka. Mgeni mmoja alilalamika kwamba ratiba imeharibika. Mwanasiti akamjibu, "Huyu ni mwenyeji. We ndo mugeni."

Msidhani tambarare ni kazi rahisi. Mwulizeni Dieudonné, aliyekuja kwetu akijisifu kwamba ujana wake wote aliteremka na mikungu ya ndizi kutoka Bugarama. Upepo wa ziwa ulimkuta asubuhi ya kwanza, naye akagundua kwamba huku hakuna mteremko wa kumsaidia mtu. Mwanasiti alimpita akiwa ameketi wima, mtandio haujasogea, akamtakia siku njema.

Alikuwa na amri moja ambayo hakuilegeza hata kwa balozi: ukifika mbele ya mji wa mtu, yaani boma lake, unashuka, unasalimia, ndipo unapanda tena. Wageni wengine walinung'unika kwamba hawakulipia kutembea kwa miguu. Kufikia jioni, haohao ndio waliokuwa wakibembeleza wapelekwe tena kwa yule bibi mwenye kicheko. Sisi ofisini tulidhani amri ile ni adabu tu. Tulichelewa kuelewa.

Ziwa lilipopanda miaka michache iliyopita, maji yalikula njia upande wa kusini. Njia ya Nyamaziba huanza hapa kivukoni, huzunguka kisiwa kizima na kumrudisha mtu hapahapa. Basi duara likakatika. Tangu hapo wageni wakawa wanafika kwenye matope, wanageuza baiskeli, wanarudi kwa njia waliyoendea. Wao hawakujali sana. Mwanasiti alijali. Kila safari alishuka pale penye matope, akaitazama ng'ambo njia yake inayoendelea bila yeye, akageuza baiskeli. Nilifuatana naye mara moja kutengeneza baiskeli, na nakiri kwamba uso wake uliniuma.

Mkurugenzi wetu Léonce, mtu mwema asiyependa tatizo lidumu, alipendekeza pikipiki mbili ziletwe ziwavushe wageni kwa kuzunguka ndani mashambani. Kikao kizima kiliona ni busara. Mwanasiti alisimama na kusema maneno machache: "Apana, patron. Pikipiki mbili leo, kesho makumi. Mutu anakuya huku kusikia kimya. Mupatie mi nafasi, njia itarudi." Akaulizwa itarudi lini. Akasema kabla hajastaafu. Léonce akakubali, akiongeza kwamba siku Mwanasiti atakapostaafu duara likiwa bado wazi, pikipiki zitavuka mto wiki hiyohiyo. Wote wawili ni watu wa kutimiza neno, kwa hiyo hakuna aliyecheka.

Tukaamua kuitisha ikibiri, ile kazi ya pamoja ambayo majirani wa Burundi wanaijua tangu zamani: leo wote kwangu, kesho wote kwako. Tulitandaza bango, tukapanga kreti za Fanta kivulini, tukakodi na kipaza sauti. Hakuja mtu. Tulikaa na Fanta zetu mpaka zikapata moto. Jirani yetu wa kisiwani, Mama Epiphanie, alipita na jembe begani akielekea shambani kwake, tukamwuliza watu wako wapi. Akatushangaa. "Nyinyi mulikuya kulima kwetu siku gani?"

Tulikuwa tumepita mbele ya mashamba yale miaka yote, tumeyapiga picha, na hatukuwahi kung'oa hata jani moja la magugu. Ikibiri haiitishwi na mtu ambaye hajaitika.

Baada ya siku ile, Mwanasiti alianza kutoweka kila siku yake ya mapumziko. Ofisini zikazuka habari. Amandine wa mapokezi alisikia kwamba kapata kazi kwingine. Mwingine akasema ni mambo ya posa, akamtajia hadi bwana harusi wa Cibitoke. Kumbe mama wa watu alikuwa anavuka mto alfajiri na jembe limefungwa kwenye baiskeli. Alipalilia mihogo ya Epiphanie. Alipandikiza mpunga wa majirani zake, kisha wa majirani wa majirani. Misimu miwili alifanya hivyo, na magoti yake, ambayo daktari alishayaonya, yalimlipisha. Nilipomwomba apumzike alinijibu nimkazie breki ya nyuma.

Kiangazi kifupi cha Januari kilipoanza, alipita mji hadi mji kwa ile desturi yake: anashuka, anasalimia, anapanda. Safari hii aliongeza ombi. Siku aliyotaja, kisiwa kizima kilikuja. Wanaume walivingirisha magogo ya michikichi kwenye matope, wanawake wakapanga matete juu yake, watu wakapokezana udongo kwa vikapu tangu asubuhi. Sisi wa kampuni tulikuja pia, bila kipaza sauti, na Léonce alipata malengelenge anayoyaonyesha hadi sasa. Jumamosi zilizofuata, njia ilisogea kutoka pande zote mbili.

Nani basi alaumiwe kwamba haijakutana? Mvua za Machi hadi Mei zilichelewesha udongo kukauka, ndiyo maana mstaafu wetu aligoma kutia sahihi na kutangaza, "Hii njia haiyafunga, mi siendi." Jana nilipoiona, kipande kilichobaki ni kifupi kuliko ukumbi ambao tungeukodi kwa sherehe hii.

Mama Mwanasiti, kampuni inakushukuru kwa kazi uliyoajiriwa kuifanya, na zaidi kwa ile ambayo hakuna aliyekuajiri uifanye. Ulituongoza miaka yote, ukatufundisha kushuka na kusalimia, na tutakukosa sana. Tunakuombea afya, magoti yenye subira na uzee mtamu pale Bwiza, na mlango wa karakana uko wazi kila Jumatatu.

Sasa wageni wetu, wekeni programu hii chini mshike majembe. Hotuba na chakula vitafuata. Mama Siti, tungependa ukae kivulini ututazame, lakini mwenye kuita ikibiri naye hulima, kwa hiyo hatuna la kukukataza. Baiskeli yako nimeitia mafuta, iko pembeni inangoja. Udongo ukishashindiliwa, pita wewe wa kwanza, wala usigeuze. Leo hutarudi kwa njia uliyoendea.