Mama Kochi na Chama Kilichoanzishwa na Mama Mkwe

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa watayarishaji wa filamu na televisheni. Waheshimiwa viongozi wa vyama rafiki. Wabunifu wenzangu wa seti, mavazi na vipodozi. Shemeji zetu mnaotuvumilia majumbani. Na wewe Mama Kochi, katibu wetu, ambaye leo tunakustaafisha huku umenuna: hamjambo?

Nimeambiwa nisiseme sana. Aliyeniambia ananijua, kwa hiyo hakutarajia nitii.

Tumekuja kuaga, lakini sote tunajua kuna jambo jingine limeketi nasi humu ukumbini. Mkataba wetu wa pamoja unakwisha mwezi huu, na watayarishaji wamependekeza kwamba safari hii kila mbunifu asaini peke yake. Nitalifikia. Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana vijana mnadhani chama hiki kilianzishwa na wanasheria. Wapi! Kilianzishwa na mama mkwe.

Enzi hizo studio ilikuwa na kuta, taa na maneno matamu. Samani hakuna. Mbunifu aliambiwa "ajiongeze", na kujiongeza maana yake ilikuwa kubeba vyombo vya nyumbani kwako. Mapazia ya tajiri wa tamthilia yalikuwa ya dada yangu. Saa yake ya ukutani ilikuwa ya fundi taa, ambaye watoto wake walichelewa shule muhula mzima. Naye marehemu Bwana Brashi, mchoraji wetu wa seti, mume wa Mama Kochi, alipeleka kochi. "La siku mbili tu, mke wangu." Tamthilia ikapendwa, kochi likahamia.

Basi mama yake Bwana Brashi akaja kuwatembelea bila taarifa, akakaribishwa juu ya debe la rangi lililopinduliwa. "Liko wapi kochi nililowapa siku ya harusi?" akauliza. Bwana Brashi akajibu upesi kwamba liko kwa fundi, linabadilishwa kitambaa. Bibi akaridhika, akaomba wamwashie televisheni. Njia ya mwongo ni fupi, ndugu zangu, lakini ya Bwana Brashi haikufika hata mlangoni. Kwenye skrini alikuwapo nyota wetu, amejinyoosha juu ya kochi lile lile, viatu na vyote.

"Huyo ndiye fundi?" bibi aliuliza.

Kesho yake asubuhi Mama Kochi, wakati huo mwalimu wa chekechea, aliingia studio katikati ya kurekodi, akasimama mbele ya yule nyota. "Inuka, mwanangu." Na nyota akainuka! Mimi nilikuwa nashona pindo la gauni pembeni. Niliweka sindano chini, nikapanda ngazi, nikateremsha mapazia ya dada. Fundi taa akaifuata saa yake. Kufikia mchana tajiri alibaki na kuta, na ili tamthilia iendelee ikabidi waongezwe wezi waliokomba nyumba nzima. Mheshimiwa mgeni rasmi, mwongozaji wa siku ile ulikuwa wewe, na nasikia wale wezi lilikuwa wazo lako. Hongera. Mpaka leo hawajakamatwa.

Lakini mambo yalikuwa hayajaisha. Mwenye studio aliwaita Mama Kochi na mumewe ofisini. Bwana Brashi angepewa mkataba mzuri na samani za kutosha kwa seti zake, yeye peke yake; sisi wengine turudi kujiongeza. Tulikuwa tumejazana mlangoni, tunasikia kila neno, na nawaambia kweli, nilidhani tumekwisha. Kisha tukamsikia Mama Kochi akiuliza, "Na hawa walioko mlangoni watakaa wapi?"

Akatoka, akatutazama kama darasa lake. "Kaeni chini, tupange." Tukaketi sakafuni, watu wazima na vitambi vyetu, miguu tumekunja. Huo ndio mkutano wa kwanza wa chama hiki, naye tukamfanya katibu papo hapo. Seti ikabaki tupu hadi walipokubali kuzungumza nasi sote. Leo studio ina ghala la samani, majina yetu yanapita kwenye skrini, na nyumbani kwa kila mmoja wetu mgeni ana pa kukaa.

Sasa, Mheshimiwa. Juzi ulinipigia simu, kwa wema kabisa, ukaniahidi mkataba wangu mwenyewe, mnono, kabla ya wengine. Niliomba muda wa kufikiri, na nilifikiri kweli, kwa kuwa nina watoto chuoni na paa linavuja. Jibu nalitoa hapa, kwa sababu swali linawahusu hawa. Nitasaini. Nitasaini wa mwisho, baada ya kila mbunifu aliyemo humu, mpaka binti wa mavazi aliyeajiriwa wiki iliyopita. Yule pale nyuma, anajificha. Ukiihitaji sahihi yangu upesi, anza na yake.

Kwa kuniazima masikio yenu, asanteni sana.