Jibu la Barua ya Januari Sabini na Tatu

“KUHUSU UTAMBUZI UNAODAIWA KUTOKUWA SAHIHI WA MCHEZAJI ALIYEONYWA KWA KUMWANGUSHA MPINZANI, DAKIKA YA SABINI NA TISA.” Hicho ndicho kichwa cha barua iliyo chini ya leso zangu, droo ya juu, na kimepigiwa mistari miwili kana kwamba ufalme ungeporomoka kwa kukosa wa pili. Sikilizeni, wanangu, Janine na wewe Russell, maana barua hiyo niliandikiwa mimi na kamati ya nidhamu, na kabla sijafumba macho nataka tuijibu.

Lakini kwanza shukuruni pamoja nami. Baba yangu alirudi kutoka kiwandani kila jioni na pamba kwenye nyusi, nami mwanawe nikalipwa kukimbia kwenye majani. Miaka kumi na minne nilikuwa kiungo wa Calderwick Town, mechi mia nne na kumi na mbili, karibu zote daraja la nne, ambako mpira hukaa angani zaidi kuliko njiwa na kazi ya kiungo ni kuutazama ukipita. Sikuwa hodari, nilikuwepo, na kuwepo ni nusu ya kazi yoyote. Nimekula pai ya moto kwenye mvua, nimempata mama yenu kwenye foleni ya chai nyuma ya goli, nimezeeka na magoti yote mawili. Anayetaka zaidi ya hapo na akaombe kwingine.

Nyumba hii ni yenu wawili, na msiigombee, kwani paa linavuja upande wa kila mmoja. Daluga zangu za ngozi mpeni mjukuu wangu Beth, naye ni kiungo. Zimpe moyo tu, maana mguuni zina uzito wa tofali. Mjomba wenu Harold, aliyesema kwenye harusi yangu kwamba dada yake ameolewa na mtazamaji mwenye jezi, nimemsamehe. Mwambieni, ila baada ya mazishi.

Sasa ile hati ukutani, yenye fremu ya dhahabu ya uongo, inayosema sikuonywa na refa hata mara moja maishani. Kwa hati hiyo klabu inataka Jumamosi kuliita lango jipya la kuingilia uwanjani “Lango la Ormerod, Muungwana wa Uwanja”. Kamati ndogo ya majina ilikaa vikao vinne. Lango lenyewe lilijengwa kwa siku mbili. Mmeshanunua nguo za sherehe, nimeziona. Kaeni chini basi.

Siku ya mechi ile ya kwenye barua matope yalitufika magotini, namba nne yangu na namba sita ya mwenzangu wa timu, Cyril Haworth, zikawa rangi moja. Winga wao alinipita, akanipita tena, mara ya tatu akacheka. Nikamfyeka. Cyril, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akaja kumwinua, na refa alipofika akamkuta yeye ndiye aliyemwinamia.

“Jina?”

“Haworth. Lakini si mimi, mzee.”

“Nyote husema hivyo, kijana. Hata mama yangu husema hivyo.”

Cyril akanitazama. Hakunitaja, wala hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, akingoja. Nami nikainama nikafunga kamba ya kiatu.

Onyo lile lilimjazia hesabu ya maonyo ya msimu, akafungiwa mechi moja. Na mechi yenyewe, wanangu, ilikuwa ya Kombe, ugenini kwa timu ya daraja la kwanza, mbele ya watu elfu arobaini. Mama yake alikuwa amenunua kofia. Klabu ikakata rufaa, kamati ikaniandikia kuniuliza nilichoona. Sikujibu. Wakangoja siku saba, kisha wakaandika kwamba kwa kuwa hakuna aliyekiri, wameridhika. Kamati huridhika upesi na kimya, lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo wake nausikia hadi leo. Nilicheza mechi ile. Tulifungwa sita, na ndiyo siku tamu kuliko zote nilizopata mpirani. Machi goti la Cyril likavunjika, hakucheza tena.

Mnamjua Cyril kwa mboga za liki anazotuletea kila vuli kutoka kishamba chake nyuma ya reli. Mmemsikia akiniamkia, “Vipi, Des, kamba imekaza?” na mkacheka mkidhani ni utani wa wazee. Ni utani, kweli. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Alhamisi alikuja hapa kitandani, nikaanza, “Cyril, lile lango…” akanikata: “Nyamaza, wewe. Suti nimeshapiga pasi. Nitapita langoni kwako bure, mara ya kwanza klabu ile kunipa kitu.” Miaka hamsini hajamwambia mtu. Mtu wa namna hiyo nimepewa kuwa rafiki, na sijui nilimfanyia Mungu nini.

Nipe maji. Kidogo tu.

Basi Jumamosi nendeni na nguo zenu mpya. Russell, hati iteremshe, umpe Cyril mkononi, mbele ya watu. Akitaka aichome, ni yake. Lango liitwe Haworth. Wakisema lazima kamati ikae, waambieni ikae, lakini ikae imesimama, na kwenye mvua. Na jibu langu lisomwe kwenye kipaza sauti kabla ya mpira kuanza. Mtaona haya kwa ajili yangu. Vumilieni, ni dakika moja, mimi nimeona haya miaka hamsini na bado nilikula vizuri.

Mungu awape maisha marefu, na mtu mmoja wa kuwanyamazia, na… na ujasiri wa kutomhitaji. Beth mwambieni apige pasi mapema. Mapema, kabla hawajamfikia.

Sauti inakwisha. Shika kalamu, Janine. Andika tarehe ya leo.

Waheshimiwa. Samahani kwa kuchelewa.

Aliyemwangusha yule winga ni mimi, Desmond Ormerod, namba nne. Cyril Haworth alikuja kumwinua.

Kamba ya kiatu changu ilikuwa imefungwa tayari.