Majibu Yamekwama Kitonga

Benchi letu liko Mlandege, limeegemea ukuta wa duka la pembejeo, na mguu wake mmoja ni matofali. Aliyekaa upande wa matofali hasimami bila kutoa taarifa, maana wenzake wote watamwagikiwa na kahawa. Wenye benchi ndio sisi: Askofu, jina lake Zabron, uaskofu wake ni wa kukalia kiti cha mbele kwenye kwaya tu; Injinia, yaani Dastan, anayetengeneza simu moja na kuharibu nyingine; Sabina mwenye birika, anayeuza kahawa na kutoa hukumu; na mimi, Fundi, nashona viatu pembeni na nikisikia upuuzi siwezi kuuacha upite. Jioni ile upepo wa Agosti ulikuwa unakata masikio. Akaja Yusta wa Kihesa, simu mkononi, uso umemshuka. Yusta ni bibi shamba kijana, na shirika moja limempa kozi ya mtandaoni ya kuhifadhi vitunguu. Ndiyo mara yake ya kwanza kufundisha. Jana aliwaandikia wanafunzi wake kwenye grupu lao la simu salamu za kuwakaribisha, wamesoma wote, na hakuna hata mmoja aliyejibu.

SABINA: Kaa, Mwalimu. Askofu, sogea huko, umejaza benchi kama gunia.

YUSTA: Asante, mama. Jamani, wamenichunia! Tiki za bluu zimejaa, majibu hamna.

ASKOFU: Hebu tusomee ulichoandika.

YUSTA: "Hamjambo wanafunzi. Mimi ni mwalimu wenu, Yusta. Nawakaribisha katika kozi yetu. Naomba kila mmoja ajitambulishe: jina, anakotoka na matarajio yake."

ASKOFU: Basi, kosa si ndo hilo! Hamjambo! Mwanangu, mle ndani kuna wazee wa Ruaha Mbuyuni wana wajukuu. Unawaambia hamjambo kama darasa la kwanza?

YUSTA: Sasa baba, niwaamkie? Mwalimu amwamkie mwanafunzi?

ASKOFU: Shikamooni. Haipunguzi kitu.

INJINIA: Inapunguza, Askofu. Humo kuna vijana wadogo kuliko mimi. Picha zenyewe hazisaidii, mmoja kaweka ua, mwingine kaweka trekta. Utajuaje umri wa trekta?

MIMI: Andika shikamooni kwa wakubwa, mambo kwa wadogo.

INJINIA: Na wa kati?

MIMI: Wa kati wajigawe.

Yusta alicheka kidogo, halafu akaangalia simu tena. Hakuna kitu.

SABINA: Mimi sioni kosa kwenye salamu. Kosa ni hayo matarajio. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mtu hajamaliza hata kuingia, umeshampa jembe mkononi, jitambulishe, eleza matarajio. Hata mimi ningekausha.

ASKOFU: Hapo umenena. Kwa hiyo Yusta, subiri siku ya tatu, ndo uwawekee picha ya jembe.

YUSTA: Baba, sina siku ya tatu. Isakwisa, mratibu wetu wa Mbeya, leo jioni anaingia kuangalia darasa. Akikuta kimya, kozi anampa mwalimu mwingine. Kaniambia wazi, wala hakuzunguka.

Hapo nikaacha sindano. Huyu binti tumemwona anapita hapa tangu akiwa na sare ya shule, begi limemzidi mgongo. Alipopata kazi hii alitununulia kahawa benchi zima na kashata juu. Roho iliniuma, nasema kweli, na nadhani iliwauma wote, maana kila mmoja akaanza kutafuta dawa kwa nguvu kuliko akili.

INJINIA: Lete simu nikague. Aaa, nimeona. Hii picha yako ndo tatizo.

YUSTA: Ina nini?

INJINIA: Koti jeusi, miwani, umekunja mikono. Halafu Kiswahili kimenyooka, nawakaribisha, naomba kila mmoja. Asee, mtu akinikaribisha kwa Kiswahili safi namna hiyo, mimi najua kinachofuata ni "ile pesa tuma kwenye namba hii".

SABINA: Wamedhani tapeli!

INJINIA: Tapeli kabisa. Wamekaa kimya wanalinda namba zao za siri.

ASKOFU: Hapana. Mimi nawajua watu wa bonde. Hawajakaa kimya, wanaongea. Ila wameanzisha grupu lingine.

YUSTA: Grupu gani?

ASKOFU: La bila mwalimu. Huko ndo wanajadili kama wewe ni mtoto wa nani, umeolewa, unasali wapi. Wakishamaliza watachagua msemaji, msemaji atakujibu.

MIMI: Na kama hawakubaliani na msemaji?

ASKOFU: Wataanzisha la tatu, la bila msemaji.

SABINA: Mungu wangu. Kwa hiyo huko wote wanakaribishana vizuri, isipokuwa huku kwa mwalimu?

ASKOFU: Ndiyo maana nasema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Leo hiyo simu ikipasuka msilaumu betri.

Injinia hakupenda kushindwa kwa uongo. Alisimama kwa shauku, akasahau kuwa alikuwa upande wa matofali, na kahawa yangu ikaishia kwenye kiatu cha mteja. Hakuniomba hata radhi.

INJINIA: Nyie wote hamjui mtandao. Nisikilizeni. Wanafunzi wako wapi?

YUSTA: Wengi Ruaha Mbuyuni. Wengine Usangu.

INJINIA: Yaani wote wako bondeni. Sisi tuko wapi? Juu. Ujumbe wako umetoka hapa, umeshuka mlima Kitonga, mteremko mtupu, umefika mara moja. Ndo maana tiki za bluu. Sasa majibu lazima yapande!

ASKOFU: Yapande Kitonga?

INJINIA: Yapande Kitonga. Na leo nimesikia kuna lori limeharibika kwenye kona. Foleni mpaka chini. Hapo katikati ya malori ndo majibu ya Mwalimu yalipo, yamekwama Kitonga.

SABINA: Na ya Usangu je? Wao hawapandi Kitonga.

INJINIA: Ya Usangu yamekutana na ng'ombe barabarani. Ng'ombe hapishi ujumbe.

MIMI: Dastan, wewe simu yangu nakuja kuichukua leo hii hii.

INJINIA: Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mwalimu, inamisha simu kidogo, elekeza kule barabarani.

Na Yusta, mwenye diploma yake, akainama na simu yake. Nilimwona kwa macho yangu. Mtu akishaogopa kupoteza kazi, hata Injinia anakuwa mtaalamu.

Wakati ameinama hivyo akafika mgeni, kijana mpana wa mabega, koti lake limejaa maganda makavu ya vitunguu. Alitusalimia mmoja mmoja, akasema anaitwa Seni, anatokea Usangu, ni mtu wa kupakia mizigo kwenye Fuso. Gari lao lilikuwa limepaki pale nyuma, tajiri wake anatafuta mzigo wa kujazia. Sabina akammiminia kahawa.

SENI: Huyu dada anatafuta nini huko chini?

ASKOFU: Majibu. Ni mwalimu wa mtandaoni. Kawakaribisha wanafunzi, hawaitikii.

SENI: Anafundisha nini?

SABINA: Kuhifadhi vitunguu visioze.

Seni akashusha kikombe. Nilimwona kabisa, hakushtuliwa na ualimu, alishtuliwa na biashara.

SENI: Wana vitunguu hao?

YUSTA: Ni wakulima wote. Wamevuna juzijuzi.

SENI: Sasa vitunguu vyao viko wapi saa hizi?

Askofu akanitazama. Mimi nikamtazama Injinia. Injinia akatazama barabara ya kwenda Kitonga, labda kuna jibu linakuja.

SENI: Namaanisha usiku huu vinalala wapi? Kuna ghala? Viko shambani? Tajiri ataniuliza.

YUSTA: Sijui.

SENI: Si wanafunzi wako?

YUSTA: Ni wanafunzi wangu. Ila sijui, kaka. Sikuwauliza.

Tulishajadili umri wao, dini zao, picha zao na milima yao, na jambo lililowafanya wajiandikishe hatukuligusa. Yusta alikaa vizuri, akaandika taratibu, akatusomea kabla ya kutuma: "Habari za jioni. Vitunguu vyako vinalala wapi usiku wa leo?"

ASKOFU: Hiyo ndo karibu? Hamna hata shikamoo!

SABINA: Zabron, nyamaza.

Akatuma. Sabina alikuwa bado anamrudishia Seni chenji simu ilipolia. Ikalia tena. Halafu ikawa hailii, inatetemeka tu mfululizo, na Injinia akasema lile lori limetolewa.

Yusta alitusomea kwa sauti. Mzee Fanueli wa Ruaha Mbuyuni, vyake viko chumba cha watoto, watoto wamehamia sebuleni. Charles, vyake viko shambani chini ya turubai, na yeye yuko hapohapo anavilinda, ndiyo anaandika. Mama Severina, vyake viko jikoni juu ya dari, mwalimu, je, moshi unadhuru? Mwingine akamjibu Mama Severina kabla mwalimu hajagusa simu, mwingine akampinga, na Esther wa Usangu akaweka picha ya kibanda chake cha mabua akiomba asichekwe. Hapo katikati likaingia jina la Isakwisa: "Naona mmeanza vizuri. Mwalimu endelea." Tulipiga makofi mpaka mwenye duka akachungulia, na Seni akaanza kuandika majina kwenye kiganja chake.

Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilicheka peke yangu kama mwehu, kiatu cha mtu mkononi.

Kisha Yusta akaacha kusoma kwa sauti. Alisoma kimya, akasoma tena, akamgeuzia Sabina simu. Sabina akatusomea yeye.

SABINA: "Naitwa Eveline. Nilisoma salamu zako tangu jana nikashindwa kujibu. Vyangu vimeoza vyote, nimevimwaga juzi. Sina hata kimoja. Bado naruhusiwa kusoma?"

Benchi ambalo halijawahi kukubaliana juu ya kitu chochote, hata bei ya kashata, likasema kwa mkupuo mmoja:

— Mwambie karibu!

Lakini Yusta alikuwa ameshaandika. Nilichungulia begani kwake: "Karibu sana, mama. Somo la kwanza tunaanza na wewe."

Injinia alinyoosha kikombe chake, Sabina akainamisha birika mpaka mwisho, na halikutoka hata tone.