Atakaye wa Juu Apewe wa Juu

Tramu ya farasi ilikuwa ikipanda kilima kutoka mto Hudson kuelekea uwanja wa besiboli, na Delia, mke wa mrushaji mpira wa timu ya mji, alikuwa amejitanda shali asije akajulikana. Msimu mzima ulikuwa wa kupigwa tu, na wenye timu wamesema leo majukwaa yasipojaa, wanaivunja.

"Mrushaji wenu yule si mchezaji, ni mhudumu wa hoteli!" alisema Mzee Voss, fundi mapipa aliyeketi kiti cha mbele yake. "Mpigaji akiagiza mpira wa juu, anapewa wa juu. Akiagiza wa chini, anapewa wa chini. Bado kumlisha kwa kijiko tu!"

"Si ndiyo sheria, mzee wangu?" Bi Tierney, mpiga pasi kola za mashati, alimkatiza. "Mpigaji huagiza, mrushaji hutii. Kosa lake ni uungwana."

"Uungwana! Wageni wetu wa Chicago wanakula, sisi tunaosha sahani!"

Behewa zima likaangua kicheko. Delia naye nusura acheke, maana hata nyumbani mumewe hajui kumnyima mtu.

"Sasa wewe huko unafuata nini?" Bi Tierney akamchokoza Mzee Voss.

"Kuzika, mama. Maiti haiendi makaburini peke yake."

"Ushindwe na ulegee! Hajafa mtu!"

Tramu ikasimama langoni mwa uwanja. Wale wawili wakashuka wakibishana, Delia nyuma yao. Aligeuka kuwatazama wale waliokuwa wakicheka. Walikuwa wengi, na hakuna aliyeinuka. Wao walikuwa wanaendelea hadi bustani ya kunywea bia.