Kipepeo wa Bama Dukani kwa Tarsis

Waombolezaji wenzangu, mimi Theophil, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi hii nisiyoitaka.

Marehemu Tarsis alizaliwa Kilema, Kilimanjaro, tarehe 9 Juni 1920, akasoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la sita, na mwaka 1941 akaingia jeshi la Keya, la Waingereza, pamoja na Pius, jirani yetu, rafiki yake tangu utoto.

Septemba 1944, katika misitu ya milima ya Bama, huko Asia walikopelekwa kupigana na Wajapani, Pius alipasuliwa tumbo na kombora, na marehemu, aliyelala kando yake risasi zikimzuia kumbeba, aliwatazama vipepeo wa buluu wa milima ile wakishuka kunywa damu ya maiti, akamkamata mmoja, akamtia katika kopo la tumbaku, kwa maana mwili wa Pius haukurudi.

Mwaka 1946 alifungua duka la maharage na vitunguu Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, na tarehe 17 Januari 1948 akafunga ndoa na Euphrasia, wakajaliwa Candida na Aristides. Alikuwa mkarimu, lakini tusidanganyane mbele ya jeneza, mkono wake ulikuwa mwepesi, na mkewe anayajua kuliko sisi.

Kwetu mtu asiyezikwa kihambani, katika shamba la ukoo, hajatulia, hivyo Mama Severa, mzazi wa Pius, aliomba miaka yote amzike kipepeo yule penye migomba yake, kwa kuwa ndani yake mna damu ya mwanawe, na marehemu alikataa, akisema akimwachia ndipo Pius atakapokufa kweli. Tarehe 2 Machi 1955 Pantaleo, kaka wa Pius, alikuja dukani kusema mama yu mahututi, akanyoosha mkono kwenye kopo, marehemu akamvunja taya kwa jiwe la mizani, naye Pantaleo akalinyakua jiwe lile lile, akampiga nalo kichwani hadi fuvu likabonyea. Kaka yangu alifariki hospitalini tarehe 5, kopo likiwa kifuani.

Asubuhi hii Euphrasia ametuambia, "Hashuki na kipepeo huyo kaburini." Kesho napanda basi la Moshi kumpelekea Mama Severa kipepeo wake, kama nitamkuta hai, na kumwambia pia kwamba mwana aliyembakia yuko rumande, na kesi yake ni ya kunyongwa.

Tunawashukuru madaktari, wafanyabiashara wenzake wa Kariakoo, na jirani yetu Bwana Ubeid, aliyembeba marehemu mgongoni damu ikimchuruzika hadi viatuni. Kaka yangu Tarsis, pumzika kwa amani, nasi tuliobaki tuitafute ya kwetu.