Bwawa la Bosi Timoth

Kwenye basi la kutoka Kasanga, fundi mmoja alikuwa ameipakata paneli ya sola kama bibi harusi, sisi jirani zake tukajibana. Bibi aliyekaa kando yake akamuuliza ni ya kazi gani.

"Ya kupasha moto bwawa la kuogelea, bibi. Bosi Timoth kalijenga nyumbani kwake Milanzi, lakini kwa baridi hii ya Ufipa watoto wanatetemeka."

"Timoth wa marehemu Zenon? Aliyetajirika na soko huria?" "Huyohuyo," fundi akajibu. "Na mama yake anaoga maji gani?" bibi akauliza.

Fundi akacheka, maskini. "Mama yake? Bosi anasema alishakufa siku nyingi."

Bibi akajifunga khanga upya. Basi liliposimama Milanzi, aliinuka wa kwanza. "Haya baba, tangulia. Nionyeshe nyumba ya mwanangu."