Bado Liko Mbali

"Corona ilipoingia tulifunga shule, baa, tukazuia mpaka harusi, ndani ya wiki moja," muuguzi alimwambia fundi cherehani aliyeketi naye kwenye basi. "Kumbe tukitaka tunaweza! Sasa mto umeziba kwa chupa za plastiki na hakuna anayeshtuka."

"Dada yangu, corona ilikuwa mlangoni. Nilishona barakoa mpaka vidole vikaota sugu. Hili la mazingira bado liko mbali, tutajipanga tu."

Nje mvua ilikuwa ikinyesha kwa siku ya tatu.

Basi likasimama. "Mwisho hapa!" kondakta akatangaza. "Mto umeingia barabarani."

Fundi akavua viatu, akakunja suruali, akashuka.

"Lakini dada," akasema, maji yakimfika magotini, "tusianze kutishana."